Kusoma na Kuandika Faili kwenye Memori Kadi kwa Arduino na ESP32: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu bodi ndogo za kielektroniki zinazopangiwa programu: Arduino Uno, Mega na ESP32, na Raspberry Pi Pico kidogo. Mfano unaojirudia ni mashine ya kutotolesha vifaranga inayoandika joto na unyevu kila dakika. Kama haraka yako ni kwamba kadi haionekani kabisa, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya tatu.

## 1. Mambo ya mwanzo

Bodi ina kumbukumbu yake. Memori kadi ni ya nini?

Uno ina RAM ya baiti 2,048, na yote hufutika umeme ukikatika. EEPROM yake haifutiki, lakini ni baiti 1,024 tu. Sasa piga hesabu ya mashine ya vifaranga: siku 21, mstari mmoja kila dakika, ni mistari 30,240. Mstari kama `2025-03-14 06:20,37.5,55` pamoja na alama za kumalizia mstari ni baiti 26. Jumla haifiki megabaiti moja. Kwa kadi hiyo ni tone, kwa Uno haiwezekani.

ESP32 nyingi huja na flashi ya megabaiti 4, na sehemu yake unaweza kuitumia kwa mafaili kupitia LittleFS, mfumo wa mafaili wa flashi. Kama data ni chache na utazisoma kwa Wi-Fi, hapo huhitaji kadi, na umejiepusha na matatizo karibu yote ya ukurasa huu. Kadi inafaa pale mtu anapotakiwa kuichomoa na kwenda nayo kwenye kompyuta.

Ninunue kadi ya ukubwa gani?

Ndogo kuliko unavyodhani. Kadi za hadi GB 2 ni SDSC, zinazozidi hapo hadi GB 32 ni SDHC, na zinazozidi 32 ni SDXC. Chukua SDHC ya GB 8 au 16. SDXC hutoka kiwandani na mfumo wa mafaili wa exFAT, ambao maktaba (msimbo uliokwishaandikwa) ya kawaida ya SD ya Arduino haiujui, na ile ya ESP32 nayo haiusomi katika hali yake ya kawaida. Maktaba ya SdFat inausoma, lakini usijitafutie kazi kwa ajili ya nafasi ambayo hutaijaza.

Niifomati kwa mfumo gani?

FAT16 au FAT32. Kwa SDHC tumia programu ya SD Memory Card Formatter, inayotolewa bure na SD Association wenyewe. Programu hiyo hiyo ukiipa kadi ya GB 64 itaifomati exFAT, maana ndivyo kanuni za SDXC zinavyotaka. Kama kadi kubwa ndiyo pekee uliyonayo, kwenye Linux amri ya `mkfs.vfat -F 32` inamaliza kazi. Hakikisha tu umeandika jina la kadi na si la diski ya kompyuta.

## 2. Nyaya na umeme

Pini zinaunganishwaje?

Kwa njia ya SPI, yaani mfumo wa nyaya unaotumiwa na bodi kuwasiliana na kadi, ni nyaya nne za data, mbali na umeme na GND (hasi). MOSI hupeleka data kwenye kadi, MISO huirudisha, SCK hupiga mwendo, na CS huichagua kadi:

| Bodi | MOSI | MISO | SCK | CS |
|---|---|---|---|---|
| Uno | 11 | 12 | 13 | 10 |
| Mega | 51 | 50 | 52 | 53 |
| ESP32 | 23 | 19 | 18 | 5 |
| Pico | 19 | 16 | 18 | 17 |

Kwenye moduli nyingine MOSI imeandikwa DI na MISO imeandikwa DO. CS unaweza kuihamishia pini nyingine ilimradi programu iitaje pini hiyo hiyo. Wanaohama kutoka Uno kwenda Mega huacha nyaya kwenye 11, 12 na 13, halafu wanashangaa.

Moduli niipe volti 5 au 3.3?

Itazame kwanza. Ukiona chipu yenye miguu mitatu upande mmoja na bati pana upande wa pili, imeandikwa AMS1117, hiyo ni regyuleta: inapokea volti 5 na kutoa 3.3. Moduli ya aina hiyo ipe 5, hata kama bodi yako ni ESP32 (pini ya VIN au 5V). Ukiipa 3.3, regyuleta inakula takriban volti moja njiani na kadi inabaki na kama 2.2. Taa itawaka vizuri, kadi haitaitika.

Moduli isiyo na chipu yoyote, soketi na resista chache tu, hiyo ipe 3.3. Ukiipa 5 umeiua kadi, maana mwisho wake ni volti 3.6.

Naweza kuunganisha soketi ya kadi kwenye Uno bila moduli?

Hapana, kwa sababu mbili. Pini za Uno zinatoa volti 5 na kadi haizivumilii. Pia pini ya 3.3V ya Uno imewekewa kikomo cha miliampia 50, wakati kadi inapoandika inaweza kuvuta 100 au zaidi kwa muda mfupi. Ndiyo maana mtu anaweza kusoma faili bila shida, lakini akijaribu kuandika kila kitu kinaganda.

## 3. Kadi haionekani

SD.begin(), amri ya kuamsha kadi, inarudisha false. Nianzie wapi?

Usianze na programu. Weka mfano wa CardInfo unaokuja na maktaba, rekebisha namba ya CS, halafu fuata mpangilio huu.

Umeme kwanza. Pima kwa mita kwenye pini za kadi yenyewe, si kwenye pini ya VCC ya moduli. Unataka 3.3 au karibu sana na hapo. Ukipata 2.2, jibu liko kwenye swali la volti hapo juu.

Kisha nyaya. Kwenye bredibodi, waya mrefu wa sentimita 20 unaoshika kwa kusuasua ni adui mkubwa kuliko msimbo wowote. Fupisha, badilisha, sukuma kila ncha. Hakikisha MOSI imekwenda MOSI na MISO imekwenda MISO: hapa hazipishani kama TX na RX za serial, na waliozoea serial huzikosea kila mara.

Tatu, namba ya CS. Mifano mingi ya mtandaoni imeandika `SD.begin(4)` kwa sababu iliandikwa kwa Ethernet Shield, ambayo kadi yake iko pini ya 4. Kama waya wako uko 10, andika 10.

Nne, ufomati. Kadi iliyowahi kukaa kwenye simu ya Android na kuchaguliwa iwe sehemu ya hifadhi ya ndani imesimbwa kwa ufunguo wa simu ile. Bodi haitaisoma, wala kompyuta. Itabidi uifomati upya, na vilivyokuwemo ndiyo basi.

Mwisho kabisa jaribu kadi nyingine. Zipo kadi zinazofanya kazi vizuri kwenye simu lakini hazielewani na SPI. Usipoteze jioni nzima kuibembeleza kadi moja.

Ilikuwa inafanya kazi. Nikibonyeza reset inagoma mpaka nichomoe USB.

Kitufe cha reset kinaanzisha upya bodi, hakikati umeme wa kadi. Kama kadi ilikuwa katikati ya kuandika, inabaki ikisubiri data zilizobaki huku bodi ikiisalimia upya. Kuchomoa umeme kunaiondoa kwenye hali hiyo. Kwa mradi utakaokaa peke yake shambani, pitisha umeme wa kadi kwenye transista au MOSFET ili programu iweze kuuzima na kuuwasha. Kabla ya kuuzima, shusha na pini za SPI, la sivyo kadi itaendelea kunyonya umeme kupitia kwenye nyaya za data.

Kadi peke yake inafanya kazi, lakini nikiongeza skrini au redio ya LoRa kimoja kinakufa.

Vifaa vya SPI hutumia nyaya tatu kwa pamoja, na kila kimoja kina CS yake. Mwanzoni mwa `setup()`, kabla ya kuamsha kifaa chochote, weka CS zote kuwa OUTPUT na HIGH.

Ikishindikana bado, mshuku moduli. Zile za bei nafuu zenye regyuleta na chipu ndogo ya kubadilisha volti, nyingi zimeunganishwa kwa namna ambayo MISO haiachiliwi kamwe, hata kadi isipochaguliwa. Kadi inazungumza juu ya kila mtu. Dawa yake ni moduli nyingine, au kuipa kadi njia yake ya SPI peke yake. ESP32 ina njia mbili za SPI zilizo huru kwako, Uno ina moja.

## 4. Kuandika na kusoma

Nionyeshe kuandika kwa ufupi.

```
void andikaJoto(float joto, int unyevu) {
  File f = SD.open("JOTO.CSV", FILE_WRITE);
  if (!f) {
    digitalWrite(TAA, HIGH);
    return;
  }
  f.print(millis() / 1000);
  f.print(',');
  f.print(joto, 1);
  f.print(',');
  f.println(unyevu);
  f.close();
}
```

Mstari wa `if (!f)` ndio watu wanaoufuta ili msimbo uwe mfupi. Uache. Bila huo, kadi ikilegea programu itaendelea kuzunguka wiki nzima ikiandika hewani, na huna taa ya kukuambia.

Kwenye ESP32 kila nikiandika, data za nyuma zinafutika. Kwenye Uno haikuwa hivyo.

Jina ni lile lile, tabia ni tofauti. Kwenye maktaba ya Arduino, `FILE_WRITE` huongeza mwishoni mwa faili. Kwenye ESP32, `FILE_WRITE` hulifuta faili na kuanza upya, na ya kuongezea mwishoni ni `FILE_APPEND`. Pia ESP32 hutaka njia ianze na mkwaju: `"/joto.csv"`, si `"joto.csv"`.

Kwenye Uno ukitaka kuanza faili jipya, tumia `SD.remove()` halafu ulifungue tena.

Kwa nini faili langu halifunguki? Jina ni joto_vifaranga.csv.

Maktaba ya SD ya Arduino inakubali herufi nane, nukta, na herufi tatu, kama enzi za DOS. `JOTO0314.CSV` inapita, jina lako halipiti. SdFat na maktaba ya ESP32 zinaruhusu majina marefu.

Nataka kufuta mstari mmoja ulio katikati ya faili.

Huwezi. Faili la FAT haliminywi katikati. Soma faili la zamani mstari kwa mstari, andika unayoitaka kwenye faili jipya, futa la zamani. Kama unajikuta unafanya hivi kila mara, andika faili moja kwa kila siku, na kufuta kutakuwa ni kufuta faili zima.

Nimeweka mipangilio kwenye faili la maandishi, lakini bodi haikubali kuwa "WASHA" ni "WASHA".

Swali hili nalipenda sana, maana kwa macho huoni kosa. Notepad ya Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili, `\r` na `\n`. Ukisoma kwa `readStringUntil('\n')`, ile `\r` inabaki imening'inia mwishoni, kwa hiyo unalinganisha herufi tano na sita. Ita `trim()` kabla ya kulinganisha.

Kama ni mstari wa kwanza pekee unaogoma, huenda faili limehifadhiwa kama UTF-8 yenye alama ya mwanzo, BOM. Hizo ni baiti tatu zilizotangulia herufi ya kwanza: EF, BB, BF. Hifadhi upya bila BOM, au ziruke kwenye programu. Ukiwa na shaka, chapisha kila baiti kwa `Serial.println(f.read(), HEX)` na utaziona.

Programu inapita, lakini Uno inajizima na kuwaka yenyewe.

RAM imekwisha. Maktaba ya SD inajitengea baiti 512 za kushikilia bloku moja, yaani robo ya RAM ya Uno. Ongeza skrini ya OLED ya nukta 128 kwa 64, ambayo maktaba nyingi huihitajia baiti 1,024, na umebakiwa na chini ya 512 kwa kila kitu kingine. Zungushia maandishi yote `F("...")` ili yasikae kwenye RAM, punguza `String`, funga kila faili ulilomaliza nalo. Maoni yangu: kadi pamoja na skrini ya picha ni kazi ya ESP32, Uno ibaki ya kujifunzia.

Mafaili yote yana tarehe ya mwaka 2000.

Bodi haijui saa. Ongeza moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake, na andika tarehe ndani ya kila mstari. Tarehe ya faili lenyewe kwenye Uno hupatikana kwa `SdFile::dateTimeCallback()`, ila mimi siihangaikii: iliyo ndani ya mstari ndiyo yenye kazi.

Excel inaweka kila kitu kwenye safu moja.

Kompyuta iliyowekwa Kifaransa, kama nyingi za Burundi na Kongo, inatumia mkato kwa desimali na nukta-mkato kutenganisha safu. Mahali pa `,` andika `;`, au lifungue faili kupitia menyu ya kuingiza data na uchague kitenganishi mwenyewe. Desimali nazo utazibadilisha hapo hapo.

## 5. Umeme kukatika na kuchomoa kadi

Mashine iliandika siku nzima, umeme ukakatika, faili lina baiti 0. Data zimekwenda wapi?

Pengine zipo kwenye kadi, ila hazijaandikishwa. Ukubwa wa faili umeandikwa kwenye orodha ya folda, na orodha hiyo husasishwa unapoita `close()` au `flush()`. Ukilifungua faili asubuhi na kutegemea kulifunga jioni, orodha inasema sifuri mpaka jioni ifike.

Usiandike kitu kingine kwenye kadi hiyo. Kwenye Windows, `chkdsk E: /f` (weka herufi ya kadi yako) inaweza kukusanya vipande visivyo na mwenyewe na kuviweka kwenye folda ya `FOUND.000` kwa majina kama `FILE0000.CHK`. Lifungue kwa Notepad. Mistari yako inaweza kuwamo humo, na mara nyingine mwishoni kuna takataka za mafaili ya zamani.

flush() au close()? Na kila baada ya muda gani?

Zote mbili zinasukuma data na kusasisha orodha, ila `close()` pia inarudisha RAM ya lile faili. Ukiandika mara moja kwa dakika, fungua, andika, funga, kama kwenye mfano wa sehemu ya nne. Ukiandika mara nyingi kwa sekunde, liache faili wazi na uite `flush()` kwa kipimo cha data ulizo tayari kupoteza. Joto la mayai halibadiliki ghafla, kwa hiyo kupoteza dakika tano hakuui kifaranga.

Kuita `flush()` baada ya kila mstari ni salama lakini kuna gharama: kwa baiti 26, kadi inaandika upya bloku ya data na bloku ya folda. Kasi inashuka na kadi inachakaa mapema.

Naweza kuchomoa kadi bodi ikiwa inawaka?

Ukishafunga faili, ndiyo. Weka kitufe: kikibonyezwa programu inafunga faili, inaacha kuandika na kuwasha taa ya kijani. Ukiirudisha kadi ni lazima `SD.begin()` iitwe tena, na kabla yake `SD.end()`. Kadi iliyochomolewa na kurudishwa haikumbuki kwamba ilikwishaamshwa.

## 6. Kasi, uchakavu na kesi za pembeni

Ninachukua sampuli mara 100 kwa sekunde, na mara kwa mara kuna pengo.

Kadi husita. Wakati wa kupanga upya bloku zake za ndani inaweza kuishikilia bodi kwa makumi ya milisekunde, na kanuni za SD zinairuhusu SDHC kuchukua hadi 250. Wastani mzuri wa kasi haukusaidii hapo. Unahitaji bafa (sehemu ya RAM ya kusubirishia data) inayoweza kubeba sampuli za robo sekunde, huku sampuli zikichukuliwa na taima kwa interapti, yaani kwa kuikatiza programu kwa muda mfupi. Kwenye ESP32, mpe kazi hiyo kiini kimoja na uandishi kiini kingine. SdFat inakuwezesha pia kutenga nafasi ya faili zima mapema, na hilo linapunguza kusita.

Pia kumbuka `SD.begin()` ya ESP32 huanza na MHz 4. Nyaya zikiwa fupi, jaribu 20.

ESP32-CAM: nikitumia kadi taa ya flashi inawaka yenyewe.

Pini ya GPIO4 inatumika na taa na pia na mojawapo ya nyaya nne za data za kadi. Tumia hali ya biti moja: `SD_MMC.begin("/sdcard", true)`. Kasi inapungua, picha zinahifadhiwa vilevile. Na kama bodi inakataa kupokea programu, ichomoe kadi kwanza, kwa sababu GPIO2 nayo imegawanwa na kadi na ndiyo inayoangaliwa wakati wa kuingia hali ya kupakia.

Nitajuaje kadi si feki?

Kadi feki imepangwa idanganye: inasema GB 64 na ndani kuna 8. Itafomatiwa, itaandika, na baada ya ile 8 halisi kujaa inapokea data bila kulalamika na kuzitupa. Kwa mradi unaoandika taratibu utagundua miezi baadaye. Ukinunua, iwe Kariakoo, Luthuli au mtandaoni, ijaze yote na uisome upya kwa programu ya H2testw kwenye Windows, au `f3write` na `f3read` kwenye Linux. Inachukua saa kadhaa, iache usiku.

Nimeona folda za System Volume Information na LOST.DIR. Ni virusi?

Hapana. Ya kwanza imewekwa na Windows, ya pili na Android. Ila kama programu yako inapitia mafaili yote ya kadi, iambie iziruke.

Kadi itadumu muda gani?

Inategemea unavyoiandikia kuliko umri wake. Mashine ya vifaranga ikiandika kila dakika haitaichosha kadi halali kwa muda mrefu. Kinachoua ni `flush()` za kila sekunde, kadi iliyojaa pomoni isiyo na bloku za kupumzikia, na umeme unaokatika katikati ya kuandika. Kwa kituo cha mbali ambako kurudi ni gharama, nunua kadi ya daraja la viwandani, acha nusu yake tupu, na weka kapasita ya mikrofaradi 100 kati ya VCC na GND karibu kabisa na soketi ili volti isizame kadi inapoanza kuandika.